FITIS NA VÉLOCE: NDEGE WAWILI WANAOFANANA KAMA MAPACHA



Kwenye saa ya biolojia wenzetu wa mwaka wa tatu walibishana sana. Katika kitabu cha Kifaransa waliona picha mbili, moja pembeni ya nyingine: Pouillot fitis na Pouillot véloce. Picha zote mbili zilionyesha kandege kadogo, mgongo wa rangi ya majani yaliyoanza kukauka, tumbo nyeupe yenye manjano kidogo, na mstari mweupe juu ya jicho. Mmoja akasema: « Ile yote ni ndeke moja! Juu ya nini kuipa majina mbili? » Mwingine akaongeza kwamba wenye kuandika vitabu wanapenda tu kuzidisha majina ili mitihani iwe migumu. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyemjibu vizuri. Sisi wa kikundi cha maumbile tuliona swali hilo ni la kweli. Mutu akiuliza « ni moja ao ni mbili? » anauliza jambo la kwanza kabisa katika elimu ya viumbe. Kwa hiyo tumelichukua, na tunaleta jibu hapa.

Jibu lenyewe ni kwamba ni wawili kweli. Tena mmoja wao anakuja kukaa hapa kwetu Kongo kila mwaka, na mwingine hafiki. Tofauti ile ya safari ndiyo inatufungulia zile zingine.

Kwanza, namna wanavyofanana

Wote wawili ni wa jamii moja, Phylloscopus. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake ni mwenye kuchungulia majani, na kweli kazi yao ya kila siku ni hiyo: kupita jani kwa jani, kutafuta wadudu wadogo, viwavi, na vidudu vinavyonyonya maji ya miti. Urefu wao ni sentimeta 11 hivi. Uzito wa fitis ni karibu gramu 9, véloce ni mwepesi kidogo kumupita. Ili mupate kuelewa: karatasi moja ya kawaida ya A4 ina gramu 5. Kwa hiyo shika karatasi mbili tu za gazeti letu hili mkononi, umekwisha kushika zaidi ya uzito wa ndege mmoja nzima, pamoja na mifupa, moyo na manyoya yake.

Wote wawili wanajenga kiota cha mviringo chenye kifuniko juu na mlango kwa ubavu. Wanatofautiana hapo kidogo: fitis anakiweka chini kabisa kwenye udongo, katikati ya majani, na véloce anakiinua kidogo kwenye kichaka. Mayai ya wote ni meupe yenye madoadoa. Ya fitis madoa ni mekundu-mekundu hafifu, ya véloce ni ya giza zaidi. Lakini mambo ya kiota na mayai hayatusaidii sana huku kwetu, sababu hapa hawazai. Wanazaa Ulaya na Asia ya kaskazini wakati wa joto la kule.

Sikio lilitangulia jicho

Wakati Linnaeus wa Uswidi alipopanga wanyama wote kwa majina, mwaka 1758, aliandika jina moja tu juu ya ndege hawa, Motacilla trochilus. Mwalimu wa waalimu, mwenye kupanga viumbe vya dunia nzima, hakuwatenga. Tunaliandika hili si kwa kumdharau, ila mwenzetu wa mwaka wa tatu ajue kwamba hakuwa peke yake.

Aliyewatenga waziwazi alikuwa mtumishi wa kanisa katika kijiji kidogo cha Uingereza, Selborne. Jina lake Gilbert White, aliyezaliwa 1720 na kufa 1793. Zile darubini za macho mawili ambazo watazama-ndege wanavaa shingoni leo hazikuwako bado. Yeye alikuwa akitembea katika mashamba na misitu ya kijiji chake mwaka kwa mwaka, akisikiliza na kuandika. Tarehe 17 ya mwezi wa nane, 1768, alimwandikia rafiki yake Thomas Pennant barua, akamwambia kwamba sasa amehakikisha: wale ndege ambao watu waliwachanganya ni wa namna tatu, na kila namna iko na sauti yake isiyobadilika. Wa tatu ni yule tunayemwita kwa Kifaransa Pouillot siffleur, tutamrudilia mbele.

Tuangalie vizuri namna alivyofanya kazi, maana hapo ndipo kuna somo. Alianza na sikio. Sauti tatu, tena hazichanganyiki: hakuna siku ndege mmoja aliimba ya huyu na kesho ya yule. Kisha akaweka ndege wa namna zote tatu mbele yake, wakiwa wamekufa, akawalinganisha. Akaona wanapita mmoja kwa mwingine kwa ukubwa, na yule mdogo kuliko wote iko na miguu meusi, hali wawili wengine miguu yao ni ya rangi ya ngozi. Basi alama ya sauti na alama ya mwili zilikwenda pamoja. Kama angekuwa na sauti peke yake, mutu angeweza kumwambia: labda hawa ni ndege wamoja wenye nyimbo mbalimbali, kama vile watu wa kijiji kimoja wanavyojua nyimbo nyingi. Kama angekuwa na miguu peke yake, angeambiwa: labda meusi ni ya wazee. Lakini alama mbili zisizohusiana zikikubaliana kila mara, hapo mabishano yanakuwa magumu kuendelea.

Yule mdogo mwenye miguu meusi ndiye véloce. Alipata jina lake la elimu mwaka 1817, kwa mkono wa Mfaransa Vieillot, yaani miaka 49 nyuma ya barua ya White.

Sauti zenyewe

Wimbo wa véloce ni wa noti mbili tu, moja juu na moja chini, zinazorudiliwa pasipo mpango: tsif, tsaf, tsif, tsif, tsaf, tsif, tsaf… Anaweza kuendelea hivyo mpaka mwenye kusikiliza achoke. Ndiyo sababu Waingereza wanamwita chiffchaff, Waholanzi tjiftjaf, na Wajerumani Zilpzalp. Kila kabila limeandika ile ile sauti kwa masikio yake.

Jina lake la elimu, collybita, linatoka kwa neno la Kigiriki kollybistes, maana yake mwenye kubadilisha feza. Ni neno lile lile linalopatikana katika Kigiriki cha Injili, Matayo 21:12, juu ya watu wale ambao Yesu alipindua meza zao ndani ya hekalu. Juu ya nini ndege apewe jina la namna hiyo? Ni kwa sababu wimbo wake unafanana na mutu anayehesabu feza za chuma, akiziangusha moja moja mezani. Sisi tunaona aliyechagua jina hilo alikuwa na sikio nzuri kuliko wengine wote.

Fitis haimbi hivyo hata kidogo. Wimbo wake unaanza polepole kule juu, unapata nguvu, unashuka kama ngazi, kisha unafifia na kuisha, kwa muda wa sekunde tatu hivi. Ananyamaza, anaanza tena. Mutoto aliyesikia nyimbo hizo mbili mara moja hawezi kuzichanganya tena. Miito yao ya kawaida, ile isiyo wimbo, inakaribiana zaidi: wote wanasema « huit », lakini fitis anaivuta kwa sehemu mbili, « hu-it », na véloce anaikata kwa mara moja. Hapo hata watu wenye kuzoea wanabishana.

Ukiwa naye mkononi

Katika Ulaya kuna watu wenye ruhusa ya kukamata ndege kwa nyavu nyembamba, kuwavalisha pete ndogo ya chuma mguuni na kuwaachilia. Mkononi ndege haimbi, kwa hiyo wanahitaji alama nyingine. Rangi ya miguu inasaidia: fitis kwa kawaida ni ya kahawia hafifu, véloce ni nyeusi-nyeusi. Lakini kuna fitis wengine wenye miguu ya giza, kwa hiyo miguu si hakimu wa mwisho. Mkia vilevile unasaidia kwa ndege aliye mtini: véloce anapotafuta chakula anaupiga chini kila mara, kama mutu anayeitikia kwa kichwa, fitis hafanyi sana.

Hakimu wa kweli iko katika bawa. Tufunge macho tufikiri bawa limefunguliwa kama feni. Tuhesabu manyoya marefu kutoka nje kuelekea ndani. La kwanza ni fupi sana, kama limesahauliwa. Kuanzia la tatu tunaona kwamba ukingo wa nje wa unyoya, karibu na ncha, unapungua ghafula, kama mutu ameuchonga kwa wembe. Kwa fitis mchongo huo uko kwenye la 3, la 4 na la 5, basi. Kwa véloce uko kwenye la 3, la 4, la 5, na la 6 pia. Unyoya mmoja! Mwenye kushika ndege anatazama unyoya wa sita, na neno limekwisha.

Na bawa la fitis ni refu zaidi. Likikunjwa, ncha yake inatokea mbele kwa urefu mzuri, na ile ya véloce inatokea kidogo tu, maana bawa lake ni fupi na la mviringo. Tofauti ni ya milimita chache. Mutu angeweza kusema ni kitu bure. Lakini sasa tuone kazi ya zile milimita.

Bawa na safari

Wakati wa baridi kule kaskazini wadudu wanakosekana, kwa hiyo ndege wenye kula wadudu wanapaswa kuondoka. Véloce anaondoka nyuma na hafiki mbali. Wengi wao wanapitisha baridi kando ya bahari ya Mediterania, wengine wanavuka mpaka Senegal, Sudani na Ethiopia. Wengine hata hawatoki Ulaya ya magharibi. Kwa kuwa amekaa karibu, anarudi mapema: Uingereza anaanza kuimba tangu mwezi wa tatu.

Fitis anafanya jambo lingine. Anaanza kuondoka mwezi wa nane, joto likiwa bado lipo, anavuka bahari na jangwa la Sahara, na anaendelea mpaka afike Afrika iliyo kusini ya jangwa, kutoka Senegal mpaka Afrika ya Kusini. Anarudi mwezi wa nne. Anasafiri usiku. Mbele ya kuondoka anakula sana mpaka mafuta yanajaa chini ya ngozi. Mafuta ndiyo esansi yake.

Tufanye hesabu ndogo. Fitis wengi wanazaa hata kupita mzunguko wa Aktiki, kwenye digri 66 za kaskazini. Digri moja ya latitudo ni kilometa 111. Kutoka kule mpaka ikweta, ambayo inapita katika nchi yetu: 66 × 111 = kilometa 7.326. Hiyo ni kwa mstari ulionyooka, na ndege haendi kwa mstari ulionyooka. Mwaka 2018 watafiti walitangaza habari za fitis waliotoka mashariki kabisa ya Siberia: walisafiri karibu kilometa 13.000 mpaka upande wa mashariki wa Afrika. Kwenda peke yake! Na uzito ni karatasi mbili.

Bawa refu lenye ncha linapasua hewa kwa kazi ndogo zaidi. Ni bawa la msafiri. Bawa fupi la mviringo linageuka haraka katikati ya matawi. Ni bawa la mwenye kukaa karibu na nyumbani. Zile milimita chache, zikihesabiwa kwa kila pigo la bawa kutoka Uswidi mpaka Kongo, ni uzima ao mauti. Kwa hiyo ule unyoya wa sita haukuwekwa pale kwa kuwasumbua wanafunzi.

Wamejuaje njia? Wanamfungia ndege mgongoni kimashini cha uzito wa nusu gramu hivi, ambacho kinaandika mwanga tu: saa gani jua limepanda, saa gani limeshuka. Mwaka unaofuata, ndege akirudi kiotani, wanamkamata tena na kusoma. Urefu wa mchana unaonyesha latitudo. Saa ya katikati ya mchana inaonyesha longitudo, kwa kuwa kila digri moja ni dakika 4. Karibu na tarehe 21 ya mwezi wa tatu na tarehe 23 ya mwezi wa tisa, mchana na usiku vinalingana dunia nzima, na hapo kimashini hakiwezi kusema latitudo. Wanaosoma jiografia watafurahi kuona kwamba somo lile la digri na dakika liko na kazi.

Kwa njia hii, na kwa pete, wameona kwamba fitis wa kusini ya Uswidi wanaelekea kusini-magharibi, kwa njia ya Hispania, mpaka Afrika ya magharibi. Wale wa kaskazini ya Uswidi wanaelekea kusini-mashariki na kushuka mpaka Afrika ya mashariki na ya kusini. Katikati ya Uswidi makundi mawili yanapakana.

Manyoya yaliyoota Afrika

Kuna jambo moja juu ya fitis ambalo lilitushangaza kuliko yote. Ndege wengi wadogo wanabadilisha manyoya yote mara moja kwa mwaka. Véloce ndivyo anavyofanya: yote wakati wa joto, kisha wakati wa baridi sehemu tu. Fitis anayabadilisha yote mara mbili, kule anapozaa, na tena huku Afrika mbele ya kurudi. Ni ndege wachache sana duniani wanaofanya hivyo. Maana yake, yule fitis anayeimba katika mti wa Ulaya mwezi wa tano amevaa nguo aliyoshonewa Afrika. Bawa lililomvusha Sahara liliota kwa wadudu wa miti ya huku. Watafiti wanapima aina za atomi za kaboni na azoti ndani ya unyoya ule, na kwa hiyo wanatofautisha ndege waliopitisha baridi magharibi na wale wa mashariki. Chakula cha huku kimeandikwa katika unyoya.

Ndiyo maana hesabu yao inatuhusu hata sisi. Katika kusini ya Uingereza fitis wamepunguka sana tangu miaka ya 1980, na véloce, yule wa safari fupi, wameongezeka sana. Ndege wawili wanaofanana hivi, katika nchi moja, mmoja anashuka na mwingine anapanda. Kwa jumla ndege wanaokuja mpaka Afrika yenye mvua wamepata hasara zaidi kuliko wale wanaobaki karibu. Kama watu wangewahesabu wote kuwa ndege mmoja, hesabu ya huyu ingefunika ya yule, na hakuna angejua kitu. Basi majina mawili yako na faida nyingine zaidi ya mitihani.

Huku kwetu

Kuanzia karibu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa nne, fitis yuko Kongo: katika miti ya savana, bustani, kando ya msitu, hata katika miti ya shule. Watu wengi wanamwita « kandeke » tu na kupita. Watoto wengine wanamrushia jiwe kwa manati. Gramu 9, hata mchuzi haupati ladha! Mbele ya kuondoka, mwezi wa pili na wa tatu, mara kwa mara anaimba ule wimbo wake wenye kushuka.

Véloce hatumtazamii. Lakini hapa mashariki kuna wengine wa kumchanganya na fitis. Pouillot siffleur, yule wa tatu wa White, anakuja vilevile kutoka Ulaya: koo na kifua ni manjano kabisa, tumbo ni nyeupe safi, na anapenda kukaa juu katika miti ya msitu. Pouillot à face rousse yeye si mgeni. Yuko mwaka nzima katika misitu ya milima yetu, kama Kahuzi na Itombwe, na uso wake ni wa rangi ya udongo mwekundu. Huyo hapatikani pengine duniani ila katika milima hii ya bonde la Albert na nchi jirani zake.

Atakayemwona mmoja wao aandike tarehe, saa, mti gani, rangi ya miguu, na kama mkia unapigwa chini. Karatasi atatupatia kwenye saa ya biolojia.

Maswali (majibu katika namba ijayo)

1. Kimashini cha fitis mmoja kimeonyesha kwamba katikati ya mchana ilikuwa saa 4 na dakika 8 asubuhi kwa saa ya Greenwich (10 h 08). Ndege alikuwa kwenye longitudo gani? Tuache marekebisho madogo. Fungua atlasi: ni katika nchi gani, kama alikuwa digri 3 kusini ya ikweta?

2. Umeshika ndege mwenye miguu ya giza. Unyoya wa sita hauna mchongo. Ni nani?

3. Kama Gilbert White angekuwa kiziwi, angeweza kuwatenga ndege wale? Eleza kwa mistari kumi, si zaidi.